Kupiga Windows XP upya kwenye ThinkPad ya fundi wa kudarizi

Swali: Kaka, mimi ni fundi wa kudarizi Lindi mjini. Tangu 2006 natumia kompyuta mpakato ya IBM ThinkPad T42 kuchora michoro ya kanzu na nembo za sare za shule, kisha naipeleka kwenye mashine kwa flopi. Programu ilikuja na kifunguo kinachochomekwa kwenye tundu la printa kwa nyuma, bila hicho haifunguki. Mwezi uliopita kompyuta ilianza kugonga ndani kama saa ya ukutani, halafu ikagoma kuwaka. Fundi aliyekuja alijaribu kuweka Windows 10 ikakataa, akasema nitupe. Ninayo kompyuta mpya lakini haina tundu hilo, na waya wa USB nilionunua haukitambui kifunguo. Je, naweza kupiga Windows XP upya? Na michoro yangu itapona?

Jibu: Inawezekana, dada. Ila kabla hujamkabidhi mtu bisibisi, kumbuka kwanza ile diski ya zamani iko wapi. Kama fundi aliondoka nayo, mpigie simu leo hii. Kama bado imo ndani, usiiwashe tena kompyuta hiyo hata kwa kuangalia tu kama leo itakubali. Umeuliza mambo mawili kwa pamoja, kupiga Windows na kuokoa michoro, na mafundi wengi hukimbilia la kwanza kwa sababu ndilo jepesi. XP ni kazi ya jioni moja. Nembo uliyoichora 2009 haimo kwenye CD yoyote.

Kwanza nimtetee yule fundi kidogo. T42 ilitoka 2004, na prosesa yake ni Pentium M ya enzi hizo. Windows 8 na zote zilizofuata zinadai prosesa iwe na kinga moja inayoitwa NX, na hizi Pentium M za T42 kwa kawaida hazina. Kwa hiyo Windows 10 haikukataa kwa sababu mashine imechoka. Ingekataa hata siku ilipotoka dukani. Windows 7 ungeweza kuibembeleza ikaingia, lakini chipu ya picha ya ATI iliyomo humo haikutengenezewa draiva (programu inayoitambulisha chipu kwa Windows) ya maana kwa Windows 7, na programu yako ya 2006 sidhani kama itakushukuru. Usimsikilize pia atakayekushauri Windows 98 kwa kuwa “ni nyepesi”. XP ndiyo mfumo ambao kompyuta hii ilizaliwa nao.

Huo waya wa USB nao una kisa chake, na ndicho kinachonifanya nikwambie usiitupe T42. Programu yako ikifunguka, haimuulizi Windows kama kifunguo kipo. Inakwenda yenyewe mpaka kwenye anwani ya tundu la printa na kubisha hodi pale pale. Kifunguo kikiitika, unaingia. Waya wa USB hauna mlango kwenye anwani hiyo. Unajitambulisha kwa kompyuta kuwa ni printa ya USB, basi. Utatoa karatasi kwenye printa ya zamani kwa waya ule vizuri kabisa, lakini kifunguo kitabaki bubu. Hujapunjwa dukani, umeuziwa kitu cha kazi nyingine.

Kwa hiyo ushauri wangu wote unaofuata umesimama juu ya jambo moja: hiyo ThinkPad acha kuihesabu kama kompyuta. Ihesabu kama kiungo cha mashine ya kudarizi, sawa na fremu au bobini. Haiendi intaneti, haichezi filamu, mtoto hafanyii kazi za shule humo. Ukilikubali hilo, maswali mengi yanayowatoa watu jasho yanajifuta yenyewe, ukiwamo usalama. Maana Microsoft iliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014, na dude lisilo na matengenezo tangu siku hiyo si la kuliunganisha na waifai ya mtu yeyote.

Sasa michoro. Diski inayogonga kama saa mara nyingi ina ugonjwa wa kichwa: kile kimkono kinachosoma sahani kinatafuta njia, kinakosa, kinarudi, kinatafuta tena. Kila kugonga unakokusikia ni jaribio lililoshindwa, na kila jaribio linaweza kuikwaruza sahani yenyewe. Ndiyo maana nimekukataza kuiwasha. Lakini usikate tamaa mapema, maana diski ndogo kama hizi hugonga pia zikikosa umeme wa kutosha, na nimewahi kuletewa “maiti” mbili ambazo ugonjwa wake ulikuwa adapta dhaifu tu.

Diski ya T42 imefungwa na skrubu moja chini ya kompyuta, kisha inavutwa kutoka ubavuni. Ukiigeuza utaona safu mbili za pini, nyembamba kuliko sindano namba tisa. Ni diski ya IDE ya pini 44. Hesabu yako itagoma kidogo: katikati pini moja haipo, imeachwa makusudi ili mtu asichomeke kinyume, na pembeni, baada ya nafasi ndogo, ziko pini nne za ziada ambazo si za data. Mtu mwenye haraka huchomeka adapta kwa kusogea hatua moja akaziingiza na hizo nne. Akiwasha umeme, kilichokuwa kigonjwa kinakuwa marehemu. Pini ikipinda, usitumie koleo. Wewe una sindano za kila aina: chukua nene, ipitishe pembeni mwa pini, nyanyua taratibu kwa awamu tatu nne, si kwa mkupuo.

Tafuta adapta ya IDE kwenda USB, ile yenye vichwa viwili vya USB au chaja yake yenyewe, ili umeme utoshe. Iunganishe na kompyuta nyingine iliyowashwa kwa Linux (mfumo mwingine badala ya Windows) kutoka kwenye flashi. Usiiunganishe na Windows, kwa sababu Windows ikiona diski mbovu itajitolea “kuirekebisha”, na msaada huo ndio huua. Ndani ya Linux kuna chombo kinaitwa ddrescue. Hakinakili faili mojamoja. Kinanakili diski nzima kama ilivyo, kikianza na sehemu zinazosomeka kwa urahisi na kuziruka ngumu mpaka mwisho. Amri ninayoanza nayo ni hii, ambapo sdb ni diski mgonjwa (hakiki mara mbili kabla ya kubonyeza):

ddrescue -n /dev/sdb michoro.img michoro.map

Hiyo picha, michoro.img, itakuwa kubwa sawa na diski yenyewe, kwa hiyo iandikie kwenye diski ya nje yenye nafasi. Lile faili la mwisho, michoro.map, ndilo linalonifanya nikipende chombo hiki huku kusini. Linaandika kila kilichokwisha kusomwa. Umeme ukikatika katikati, na unajua tunavyokaa juu ya gesi ya Mnazi Bay huku tukiwasha mishumaa, unarudia amri ileile nayo inaendelea ilipoishia, haianzi upya. Ukimaliza duru ya kwanza, ondoa -n, ongeza -r3, kikajaribu zile ngumu mara tatu. Kisha iweke diski kando na ufanye kazi zote kwenye picha. Faili za kudarizi ni ndogo mno, mchoro mzima wa kifua cha kanzu haujai flopi, kwa hiyo hata ukipata asilimia tisini ya diski, uwezekano wa kuikuta michoro yako mingi ni mkubwa. Tafuta zenye kiambishi cha DST, ambazo mashine inazisoma, lakini zaidi tafuta zile za programu yenyewe. DST imebeba mishono tu, sindano iende wapi na uzi ukatwe wapi. Ukitaka kuipanua nembo kutoka mfukoni hadi mgongoni, utaihitaji ile faili asili.

Kama diski haisomeki kabisa hata na adapta yenye nguvu, hapo simama. Usiigandishe kwenye friji, usiigonge mezani, usiifungue. Wako wenye vyumba visivyo na vumbi wanaoifanya kazi hiyo, ni ghali, na wakikuta sahani imeshachezewa watakurudishia. Na kabla hujalipa, pekua lile boksi la flopi zako za zamani. Mafundi kudarizi huwa hawatupi flopi.

Tukifika kwenye XP yenyewe, kanuni yangu ni kukusanya vyote kwanza. Kosa ninaloliona kila mara ni mtu kupiga Windows halafu ndipo akaanza kutafuta draiva kwa kompyuta hiyohiyo. XP ikishaingia, kivinjari chake hakifungui karibu tovuti yoyote ya leo, kwa sababu tovuti zinadai usimbaji wa TLS 1.2 na Internet Explorer ya XP iliishia 1.0. Utakaa mbele ya ukurasa mweupe ukidhani waifai ni mbovu. Kwa hiyo kwa kompyuta yako mpya, wiki moja kabla, shusha na uweke kwenye flashi: draiva ya chipseti (chipu kuu za bodi) ya Intel, ya picha ya ATI, ya sauti, programu ya IBM ya usimamizi wa umeme, na draiva ya kifunguo cha kudarizi. Lenovo, iliyoinunua biashara ya kompyuta za IBM 2005, haikushikilia mafaili yote ya modeli za zamani kwenye tovuti yake, lakini watu wamehifadhi nakala nyingi Internet Archive. Tafuta kwa namba ya aina ya mashine yako, zile tarakimu nne zilizo kwenye stika chini, si kwa jina la T42 peke yake, kwa kuwa T42 zilitoka na chipu za picha na kadi za waifai tofauti.

Ukiwa umeigeuza hivyo, piga picha stika nyingine ya chini, ya Windows, yenye herufi na tarakimu 25 katika mafungu matano. Mara nyingi mapaja na jasho vimeshazila. Ukiona herufi zimefifia, mulika tochi ya simu kwa pembeni, si kwa juu, kivuli huzionyesha. Namba hizo zinakubaliana na CD ya aina moja tu: XP Professional ya OEM (ile inayouzwa pamoja na kompyuta), kama stika inasema Professional. Ukiziingiza kwenye CD ya dukani ya kawaida zitakataliwa, na hapo ndipo watu hudhani leseni imekufa na kwenda kuchukua CD ya vichochoroni iliyoandikwa kwa kalamu ya wino. Hizo sizigusi. Sijui aliyeichoma aliongeza nini humo, na wewe hujui. Ukibahatika kupata CD za urejeshaji za IBM zenyewe, hizo ni bora kuliko zote: zikiikuta bayosi ya IBM (programu ya ndani inayoamsha kompyuta kabla ya Windows) hazidai uthibitisho wowote. Kwa CD nyingine una siku 30 za kuithibitisha kwa Microsoft, na XP yenyewe itakuonyesha njia.

CD iwe na Service Pack 3 (SP3), furushi la marekebisho ya XP la 2008. Hili silisemi kwa mapambo. XP ya mwanzo, ya 2001, haijui kuhesabu diski kupita GB 137. Niliwahi kuiweka XP ya aina hiyo kwenye diski ya GB 160 iliyokuwa imegawanywa kwenye kompyuta nyingine. Ikafanya kazi miezi, mteja akanisifu mjini. Siku data zilipovuka mpaka ule, Windows ikarudi mwanzo wa diski na kuanza kuandika juu ya mafaili yake yenyewe. Zilikuwa hesabu za mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na ilikuwa Novemba, wakulima wameshalipwa korosho na kila mtu ananunua bati. Tangu siku ile sigusi CD isiyo na SP3.

Diski mpya za IDE hazitengenezwi tena, na zilizobaki sokoni ni wazee wenzake na hiyo iliyokufa. Usinunue. Kuna kiganda chenye umbo lilelile la diski, pini 44 upande mmoja, ndani yake unafunga kadi ndogo ya mSATA. GB 32 au 64 zinakutosha maisha. Hazina kinachozunguka, hazigongi, na hazijali mashine ya kudarizi inavyotikisa meza. Wengine hutumia kadi za kamera za CompactFlash. Ni rahisi zaidi, lakini baadhi yake XP huziona kama flashi ya kuchomoa na kuanza visa. Kabla ya kuifunga ndani, igawe kwa programu ya GParted kwenye Linux uleule: patisheni (fungu la diski) moja ya NTFS, uache mpangilio wake wa kawaida. XP ikiachiwa igawe yenyewe huanzia mahali pasipolingana na vipande vya kadi za namna hii, kila kuandika kunakuwa mara mbili. Wakati wa kusakinisha utaichagua patisheni hiyo na kuiambia XP iiache ilivyo.

Ukiwa umeifungua mashine, mambo mengine matatu. Betri ndogo ya saa, aina ya CR2032 yenye waya mbili, hakika imekufa. Ikiwaka utakuta onyo kwenye skrini, maana yake betri imekwisha na tarehe haijulikani. Vidonge hivyo wanauza mafundi saa, ila cha kwako kiwe na waya na kigandishwe kwa tepu. Weka tarehe sahihi kwenye bayosi kabla ya CD. Pili, feni: hewa yetu ya pwani ina chumvi na nyuzi zako zina vumbi, mchanganyiko huo nyuma ya feni huwa kama sufi. Safisha kwa brashi. Tatu, chaja. Chaja ya T42 ni ya volti 16. Kichwa chake cha duara kinafanana na cha chaja nyingi za volti 19, na kinaingia bila kulalamika. Soma maandishi ya nyuma ya chaja, usiamini tundu. Kama chaja yake ilishapotea na mtu akakuazima nyingine, anza uchunguzi hapo.

Kupiga Windows kwenyewe nitakupitisha haraka, kwa kuwa ndiko kusiko na siri. Tumia CD, usijaribu flashi. XP haikuwahi kutengenezwa iingie kwa flashi na mbinu zote zilizobuniwa baadaye zina mahali zinapokukwamisha. Choma CD kwa kasi ndogo, na kama msomaji wa CD anasitasita, pangusa lenzi yake kwa pamba yenye spiriti. Washa, bonyeza F12, chagua CD. Skrini itakuomba ubonyeze kitufe chochote, bonyeza. Ukurasa wa bluu, F8 kukubali masharti, chagua patisheni, subiri inakili. Ikijizima na kuwaka tena itakuomba ubonyeze kitufe kama mwanzo, na safari hii mikono mbali. Ukibonyeza, inaanza mwanzo, na nimeona mtu akizunguka hivyo tangu adhuhuri mpaka alasiri akilaumu CD. Itakuandikia dakika 39 zimebaki. Ni dakika za Microsoft, nenda kapike. Kwenye saa za dunia hutaiona Dodoma wala Dar es Salaam, chagua Nairobi. Mtandao, ruka. Hakikisha tu umeme ni wa uhakika kwa saa hizo mbili, chomeka UPS ya mashine yako ya kudarizi na usimdarizie mtu wakati huo.

Ikiwaka, kila kitu kitakuwa kikubwa na cha rangi chache. Usishtuke, bado haijaijua chipu yake ya picha. Mpangilio wa draiva ni chipseti kwanza, uzime na kuwasha, ndipo picha, kisha sauti, mwisho usimamizi wa umeme. Ukianza na picha kabla ya chipseti kuna siku itakubali na siku itakupa skrini nyeusi, na hutajua kwa nini.

Baada ya hapo ndipo penye kazi yako hasa. Zima, washa, bonyeza F1 kuingia bayosi, tafuta mahali pa tundu la printa. Bayosi hizi zinaweza kulipa tundu anwani tofauti. Wewe lipe 378 na IRQ 7, hali ya kwenda na kurudi, kwa sababu kifunguo kinajibu, hakisikilizi tu. Ikiwa imebaki kwenye hali ya kutoa peke yake, programu itasema kifunguo hakipo na utaanza kumshuku asiye na hatia. Ndani ya Windows weka draiva ya kifunguo, kisha programu, kisha zima kabisa, chomeka kifunguo, kaza zile skrubu zake mbili za pembeni, washa. Usikichomeke wala kukichomoa kompyuta ikiwa imewashwa. Tundu la printa si USB, limewahi kuunguza vifunguo. Angalia pia meno yake 25: pale Lindi, miaka yote hii karibu na bahari, lazima yameota rangi ya kijani. Spiriti na mswaki laini, acha ikauke. Nikuambie kweli, kifunguo hicho ndicho kitu cha thamani kuliko vyote ulivyonavyo. Kompyuta nyingine ya T42 utaipata, kifunguo kikivunjika programu yote ni bure.

Kwa upande wa flopi, T42 haina mdomo wake, kwa hiyo nadhani unatumia kisomaji cha USB, na XP itakitambua bila draiva. Flopi zikae kavu. Ukiona madoa kama ya kuvu kwenye ile sahani nyeusi ukisogeza kilango chake, usiiingize. Kuvu hilo hukwaruza kichwa cha kisomaji na kuambukiza flopi zote zinazofuata. Iwapo mashine yako ina mdomo wa flopi wa kawaida wa 1.44, uliza habari ya kifaa kinaitwa Gotek. Kinakaa mahali pa mdomo wa flopi, kinapokea flashi na kuidanganya mashine kuwa ni flopi. Mashine nyingi za kudarizi zimeongezewa umri hivyo, ingawa si kila modeli inakubali, kwa hiyo chunguza ya kwako kabla ya kulipa.

Flashi utakayotumia iwe moja na isitoke nje ya karakana. Unavijua vile virusi vya shortcut, folda zote zinageuka mishale? XP inavipokea kwa mikono miwili, kwa sababu ilikuwa na tabia ya kuendesha chochote kilicho ndani ya flashi mara inapochomekwa. Andika gpedit.msc kwenye Run, tafuta Autoplay, izime kwa diski zote. Mteja akija na nembo kwenye flashi yake, ipokee kwenye kompyuta mpya. Waifai ya T42 izime kwenye bayosi kabisa, si kwa kitufe.

Siku utakapodarizi mchoro wa kwanza ukatoka sawa, siku hiyohiyo, kabla hujaongeza hata mchoro wa pili, chukua nakala ya diski nzima kwa programu ya Clonezilla uiweke kwenye diski ya nje. Kadi ikifa mwaka wa kesho kutwa, unafunga mpya, unarudisha nakala, dakika ishirini umekaa kwenye kiti chako. Hutanihitaji mimi wala CD.

Ukiona ni mengi na ukaamua kuileta Mtwara, karibu. Lakini usiipe kondakta aitupe kwenye buti la basi. T42 ina udhaifu unaojulikana: chipu ya picha imechomelewa kwenye bodi kwa namna ambayo bodi ikijikunja, ule uchomeleaji hupasuka, na ukipasuka skrini inajaa mistari na hakuna Windows inayoiponya. Iliyoinuliwa kwa pembe moja kwa mkono mmoja miaka mingi ndiyo hufa hivyo. Ipakate mapajani, uibebe kwa mikono miwili. Diski ya zamani iwe kwenye mfuko wake, imezungushiwa kitambaa, isigusane na chochote. Kifunguo kivae shingoni kama ufunguo wa nyumba.